Umaskini ni uamuzi? Jibu kwa dada wa Buza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama lishe, nina miaka 34, naishi Buza, Dar es Salaam, na watoto wawili na mdogo wangu wa kiume anayeendesha bodaboda ya mkataba. Mwezi uliopita tulikwenda kwenye semina ya ujasiriamali. Mtoa mada akasema umaskini ni uamuzi, na mtu akifika miaka 40 hana hata kiwanja asitafute mchawi, ajitazame kwenye kioo. Mdogo wangu tangu siku ile kanyamaza. Anatoka saa kumi alfajiri, anarudi saa nne usiku, na bado anajiona mzembe. Jirani yangu aliyesoma chuo yeye anasema tusijisumbue, yote ni ubepari, mtu mdogo hana la kufanya. Mimi sasa niko kwenye mkopo wa pili wa kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba kali. Naomba uniambie ukweli: kosa ni letu au ni la mfumo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonishika si neno ubepari wala neno uamuzi. Ni zile saa. Kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa nne usiku ni saa 18. Hata ukitoa muda wa kula na wa kusubiri abiria kijiweni, huyo kijana anafanya kazi kuliko wengi wanaolipwa kumfundisha bidii. Kwa hiyo habari ya uvivu tuiweke pembeni tangu sasa. Haielezi chochote kinachotokea nyumbani kwako.

Nakujibu kama mtu niliyewahi kukaa upande wa pili wa meza. Kabla sijaanza kufundisha vikundi kutunza hesabu, nilikuwa afisa mikopo kwa miaka tisa. Nimebisha hodi kwenye nyumba za watu kama wewe nikiwa na orodha ya wadaiwa mkononi. Ndiyo maana sitaanza na nadharia. Nitaanza na zile karatasi mbili mlizotia sahihi, wewe na mdogo wako, ambazo ulinitumia hesabu zake nilipokuomba.

Pikipiki ile dukani iliuzwa shilingi 2,800,000 taslimu. Mdogo wako anampelekea mwenye pikipiki hesabu, yaani malipo, ya shilingi 10,000 kila siku kwa siku 420, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ndipo pikipiki iwe yake. Zidisha upate 4,200,000. Wengi wakiona hapo husema mwenye pikipiki kaweka nusu ya bei juu, basi. Sivyo. Mdogo wako hakai na deni lote kwa siku 420. Linapungua kila jioni, na kufikia katikati ameshalipa 2,100,000. Ukipiga hesabu ya deni linalobaki siku baada ya siku, riba anayolipa inapita kidogo asilimia 6 kwa mwezi. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Ila karatasi ya bodaboda haiitwi mkopo, inaitwa mkataba, kwa hiyo hakuna anayeishika na kuipima kwa kipimo hicho.

Na riba siyo sehemu mbaya kuliko zote humo ndani. Angalia nani anabeba mikosi. Mvua ya masika ikinyesha siku nzima, hesabu iko palepale. Petroli ikipanda, hesabu iko palepale. Malaria ikimlaza siku tatu, anaamka na deni la 30,000 kabla hajawasha pikipiki. Akigongwa siku ya 400, akiwa ameshalipa milioni nne, kadi ya pikipiki bado ina jina la mwenye mali, na kijana anaweza kubaki na mguu mbovu na risiti, kama risiti aliwahi kupewa. Faida imegawanywa kwa watu wawili. Hasara imewekwa kwa mmoja, tena yule asiyekuwa na akiba.

Utaniambia: lakini alikubali, sahihi ni yake. Ni kweli, na sitaki kumwondolea hilo, maana ukimwondolea mtu sahihi yake umemfanya mtoto. Alichagua. Ila tuseme pia alichagua kati ya nini na nini. Hakuwa na 2,800,000. Benki haikumtazama kwa sababu hana nyumba wala hati ya kuweka dhamana. Kulikuwa na mkataba ule, au kukaa barazani. Mtoa mada wa semina alipotamka neno uamuzi, alilitamka kana kwamba watu wote hupewa orodha moja ya mambo ya kuchagua.

Kabla hujamkasirikia mwenye pikipiki, ngoja kidogo. Mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi au muuguzi aliyechukua mkopo wa mshahara akanunua pikipiki mbili ili asomeshe wanawe. Naye kila mwezi anakatwa. Nawafahamu wengi wa namna hiyo, ni watu wema, wanaomlipia dereva dawa akiumwa. Masharti yale hawakuyabuni. Waliyakuta yanatembea mjini wakayanakili neno kwa neno. Hicho ndicho naweza kukiita mfumo bila kupiga hotuba: karatasi ambayo mtu mwema akiitia sahihi bado inamkaba mwenzake.

Tuje kwako. Uliomba 200,000. Wakakata 20,000 wakasema ni ya fomu, ukapokea 180,000. Unarejesha 65,000 kila Jumatatu kwa wiki nne, jumla 260,000. Umelipa 80,000 kwa fedha ambayo ilipofika Jumatatu ya pili nusu yake na zaidi ilikuwa imesharudi kwao. Kwa ukomo wa Benki Kuu, riba ya laki mbili kwa mwezi mmoja isingezidi 7,000. Hebu rudia tarakimu hizo mbili kwa sauti, 7,000 na 80,000, kisha niambie kama tofauti yake inaletwa na tabia yako.

Nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu. Ilikuwa Jumatatu, Mbagala, chini ya mwembe, siku ya marejesho. Kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Kanuni yetu ilikuwa hakuna kuondoka mpaka fedha ya kikundi kizima itimie. Mama mmoja mchoma maandazi alipungukiwa 4,000. Alikuwa amekuja na ndoo yake ya unga uliokandwa, kaufunika na kanga, ili akitoka hapo apitilize kwenye meko yake kabla wanafunzi wa mchana hawajatoka shule. Tukakaa. Wenzake wakachanga 2,500, ikabaki 1,500. Tukaendelea kukaa. Jua likazunguka mti, kanga ikaanza kuinuka, unga ukafurika mdomo wa ndoo na kumwagikia mchangani, na ile harufu ya hamira iliyochacha ikatufikia wote. Yule mama alikuwa anaitazama ile ndoo, haitazami fedha. Ilipofika saa kumi shemeji yake akaleta 1,500, tukafunga daftari. Wateja wake walikuwa wameshapita. Wiki iliyofuata alipungukiwa 9,000. Na mimi, kwenye fomu yake, sehemu ya maoni ya afisa, niliandika: hana nidhamu ya marejesho.

Maneno hayo yalikuwa uongo, na niliyaandika kwa moyo mweupe kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa na nidhamu. Kanuni yetu ndiyo iliyomwagia unga wake. Lakini kwenye faili hakuna mahali pa kuandika kwamba kanuni ina kosa. Kuna mahali pa kuandika jina la mtu.

Nasema hivi kwa sababu neno mvivu lina umri mrefu hapa kwetu, na mara nyingi limetamkwa na mtu ambaye hakupenda bei ya kazi ipande. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1897, walikuwa wanalalamika kwamba mwenyeji hataki kazi. Mwenyeji alikuwa na shamba lake na mbuzi wake, hakuona kwa nini akamlimie mtu mwingine kwa ujira ule. Kodi ikamlazimu. Zama za Waingereza, manamba, yaani vibarua wa mkataba waliokwenda Tanga kukata mkonge, walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi: usipomaliza kazi ya siku, siku hiyo haipigwi alama, hata kama umekata tangu alfajiri hadi jua la utosi. Babu zetu wengi wamezeeka wakidaiwa siku ambazo walizifanyia kazi.

Hapa ndipo nataka nizungumze na jirani yako, maana naye ana sehemu yake ya ukweli, na ninamheshimu kwa kukuondolea aibu. Ila asiseme ni ubepari peke yake. Mwaka 1983, nchi yetu ikiwa bado inajiita ya kijamaa, ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi. Wachuuzi na vijana wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa mijini, wakaitwa wazururaji, wakapakiwa kupelekwa vijijini wakalime. Maduka yalikuwa matupu, fedha za kigeni hakuna, vita vya Kagera vilikuwa vimeikausha hazina, na mtu aliyekamatwa ni kijana mwenye sinia la karanga. Kwa hiyo tabia ya kumlaumu mdogo ili mkubwa asiulizwe si mali ya wenye mitaji tu. Wenye madaraka nao wanaijua vizuri. Na ajabu ni kwamba Azimio la Arusha lenyewe, mwaka 1967, lilikuwa limeshaandika kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 na hata 14 kwa siku. Lilijua nani anafanya kazi. Kujua hakukutosha.

Kuna jambo lingine ambalo semina za namna ile hazilisemi, na ni la hesabu tupu. Tuchukue kijiwe chenu. Mdogo wako akitoka saa kumi wakati wenzake wanatoka saa kumi na mbili, atapata abiria wa alfajiri, na bidii yake italipa. Mtoa mada akimwona atamsimamisha mbele ya watu kama mfano. Sasa wote kumi na tano wa kijiwe wakisikia ushauri wakatoka saa kumi, abiria wa Buza ni walewale. Kila mmoja atapata alichokuwa anapata, kapunguza usingizi, na mmoja wao atasinzia kwenye usukani. Ushauri uliomfaa mmoja unakuwa sumu ukifuatwa na wote. Bidii inaamua nani atangulie kwenye foleni. Urefu wa foleni na idadi ya nafasi mwisho wake vinaamuliwa kwingine: kwenye ajira zinazozalishwa na nchi, kwenye bei ya petroli, kwenye shule aliyopita mtu, kwenye hospitali iliyo karibu au isiyokuwepo.

Je, kuna ushahidi kwamba maskini hubaki maskini kwa sababu ya njia zilizofungwa kuliko tabia yake? Upo, na si wa maneno. Bangladesh, kuanzia mwaka 2007, shirika la BRAC liliwapa wanawake fukara mali ya kuanzia, wengi wakipewa ng'ombe, pamoja na mafunzo. Watafiti wakawafuatilia kwa miaka 11. Wote walikuwa fukara, wote walipewa msaada unaofanana. Waliokuwa na kitu kidogo cha ziada tangu mwanzo, mkokoteni, banda, kipande cha ardhi, waliendelea kupanda mwaka hadi mwaka. Waliokuwa chini kidogo ya hapo walipandishwa na ng'ombe, kisha wakateremka taratibu hadi walikotoka. Kama jambo lingekuwa tabia, ng'ombe asingebadilisha maisha ya yeyote, au angewabadilisha wenye bidii tu. Kilichoonekana ni kizingiti. Mtu akivushwa anatembea mwenyewe. Akiachwa inchi moja chini yake anarudi nyuma, hata akijituma vipi.

Utafiti mwingine ulifanyika Tamil Nadu, India, kwa wakulima wa miwa, ukachapishwa mwaka 2013. Walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimeisha na madeni yamekaa shingoni, wakapimwa tena baada ya mavuno. Ni watu walewale. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi, si kwa sababu akili imepungua, bali kwa sababu nusu ya kichwa ilikuwa kwenye deni. Mdogo wangu, ulipochukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza, ulifanya kosa, ndiyo. Lakini ulilifanya Jumapili usiku ukijua Jumatatu asubuhi wanakuja, na mimi nimekaa na waweka hazina wa vikundi vingi ambao wangefanya vilevile.

Na wale wanaosema maskini akipewa fedha atakunywa, kuna jibu la Siaya, Kenya. Familia maskini za Rarieda zilipewa fedha taslimu bila masharti, mwaka 2011 na 2012. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Watu walinunua mabati na mifugo, wakala vizuri zaidi.

Baada ya yote hayo bado sikubali neno la jirani yako kwamba mtu mdogo hana la kufanya. Nalikataa kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba kuna mambo yako. Mikono ikifungwa vidole vinabaki, na mtu anayekwambia vidole vyako havina kazi hakupendi. Ulinieleza kwamba unauza sahani 40 kwa siku lakini hujui faida ya sahani moja. Hilo si la ubepari, ni la daftari. Ulinieleza kwamba mlimchangia ndugu harusi 150,000 wiki ileile ya mkopo. Najua uzito wa kukataa mchango, najua utakavyosemwa, lakini kadi ya mchango si amri ya mahakama. Haya ni makosa, ni yako, na ukiyaona kuwa yako utaweza kuyarekebisha. Ila uyaweke kwenye ukubwa wake. Harusi ni mara moja kwa mwaka. Ile 80,000 ni kila mwezi.

Ya pili ndiyo ninayoijali zaidi. Neno mfumo, likitamkwa vibaya, linawapa msamaha watu wasiostahili. Mfumo hauna mikono. Yule aliyeandika kwamba siku ya ugonjwa inadaiwa alishika kalamu. Yule aliyeamua fomu iuzwe 20,000 alikaa kikaoni akakubaliana na wenzake. Mimi nilishika kalamu chini ya mwembe. Kwa hiyo mimi nakubaliana na mtoa mada kwamba watu wawajibike kwa maamuzi yao. Namuomba tu asiishie kwa mama lishe. Awahesabie wote kwa kadiri ya nafasi waliyokuwa nayo ya kuchagua. Mdogo wako alikuwa na njia mbili mbele yake. Mwenye kampuni ya kukopesha alikuwa nazo ishirini, na akachagua ile ya kukausha damu. Nani kati yao awajibike zaidi?

Tazama wakubwa wanavyotendewa wanapokosea. Mwaka 2008 mabenki ya Marekani yalikopesha hovyo yakaanguka, na bunge lao likaidhinisha dola bilioni 700 za kuyanusuru. Hakuna aliyeyaambia yajitazame kwenye kioo kwanza. Mtikisiko ule ulipotufikia, Juni 2009, Rais Kikwete alitangaza mpango wa takribani shilingi trilioni 1.7 wa kuokoa uchumi, na sehemu yake ilifidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa. Mimi niliona ni sahihi, kwani wangeanguka wale, mkulima wa Shinyanga angekosa wa kumuuzia. Nakumbusha tu kwamba tunajua kabisa, tukitaka, kutofautisha kosa la mtu na mkosi uliomkuta. Hata sheria ya kampuni inajua: mwenye kampuni yenye dhima ya ukomo, biashara ikifa, kwa kawaida anapoteza mtaji alioweka na nyumba yake inabaki. Mama lishe biashara ikifa wanachukua sufuria, meza na godoro la watoto. Aliyekwenda na mtaji mdogo ndiye anayecheza kamari kwa kitanda chake.

Na masharti yaliyoandikwa na watu hubadilishwa na watu. Kenya, programu za mikopo ya simu zilikuwa zikimpigia simu bosi wako, mkweo na mchungaji wako kuwatangazia kwamba unadaiwa. Watu walipiga kelele mpaka mwaka 2022 zikatoka kanuni zilizoiweka biashara hiyo chini ya Benki Kuu yao na kukataza vitisho na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa. Kwetu, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini na kuzifungia. Halijaisha tatizo. Lakini aliyesema mtu mdogo hana la kufanya angesema hivyo hivyo siku moja kabla.

Sasa nyumba yako. Usichukue mkopo wa tatu, hata wakikupigia simu kwa sauti tamu kiasi gani. Huu wa pili nenda nao ofisini kwao ukiwa na mtu mwingine, uulize namba ya leseni yao ya Benki Kuu na uombe mchanganuo wa deni kwa maandishi. Wenye leseni watakupa. Wasio nayo mara nyingi hulegea ghafla na kukubali ulipe mtaji polepole, kwa sababu hawataki kufika mbele ya mtu yeyote wa serikali. Usikubali wachukue vyombo vya kazi bila amri ya mahakama. Mwenyekiti wa mtaa ajue mapema, kabla ya siku hiyo, si siku hiyo.

Halafu nenda kata, umwone afisa maendeleo ya jamii. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu fedha zilikuwa zinapotea, ikarudishwa mwaka 2024. Inahitaji kikundi kilichosajiliwa, na itakuchosha: barua, muhtasari, akaunti, njoo kesho. Ukiona inachelewa, kikoba cha wenzako watano mnaouza chakula pamoja, mnanunua hisa kila wiki na kukopeshana wenyewe, kitakuvusha. Nimeviona vikoba vikifa, na karibu vyote vilikufa kwa kukosa daftari la wazi, kwa hiyo mwandishi awe mmoja na mhesabu fedha awe mwingine.

Kwa mdogo wako, kwanza mwambie kwamba mimi, niliyewahi kuandika watu wabaya kwenye fomu, nimepiga hesabu yake na sikuona uzembe. Pili, asiende kwa mwenye pikipiki peke yake. Kijiweni kwao kuna wenye mikataba wangapi? Wakikaa kumi wakakubaliana mambo matatu tu, wakayapeleka pamoja, itakuwa vigumu kuwakatalia wote, kwani mwenye pikipiki naye ana marejesho na hawezi kuiacha pikipiki uani kwa mwezi mzima. Wadai siku mbili kwa mwezi zisizo na hesabu, za ugonjwa na matengenezo. Wadai risiti au ujumbe wa simu kila hesabu inapopokelewa. Na wadai kifungu kinachosema pikipiki ikiharibika kwa ajali au kuibwa baada ya nusu ya malipo, fedha ya bima inagawanywa vipi. Hilo la tatu ndilo watakalopingwa zaidi, na ndilo lisiloachwa.

Ile picha ya mkataba uliyonitumia ina ukurasa mmoja, na sentensi ya mwisho inaishia katikati. Ukurasa wa pili upo. Mwombe mdogo wako autafute aupige picha, maana habari za ajali huwa zimeandikwa huko.